Juu ya Filimbi za Kale, na Uaminifu wa Warithi



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa neno la wapiga vyombo peke yao. Lakini tukilichimba twaona kwamba lamgusa kila mtu aliyepokea kitu mkononi mwa wazee wake. Swali lenyewe ni hili: Mtu akirithi kazi ya watu waliokwisha kufa, je, yampasa kuitunza jinsi ilivyokuwa, au ana ruhusa kuitengeneza ipatane na masikio ya wakati wake?

Hapa Usa River swali hili si geni. Huulizwa katika mabaraza ya wazee wa kanisa, katika mazoezi ya kwaya, na katika makundi ya matarumbeta. Tuimbe tenzi za kale kwa mwendo wake wa kale, au tuzichangamshe? Ngoma iingie kanisani, au kinanda chatosha? Mara nyingi swali hujibiwa kwa hasira kuliko kwa fikira. Vijana husema wazee wanalinda mavumbi. Wazee husema vijana wanauza urithi. Kwa hiyo tumeona vema kulitazama kwanza mahali pa mbali, ambapo hakuna mmoja wetu mwenye ugomvi, kisha turudi nalo nyumbani. Tutaitazama filimbi ndogo ya mti, na konserto zilizoandikwa kwa ajili yake huko Ulaya zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

1. Filimbi yenyewe

Filimbi tunayoinena siyo ile ya mwamuzi wa mpira, wala ile ishikwayo kwa ubavu. Hii hushikwa wima, ikielekea chini. Wajerumani huiita Blockflöte, maana yake filimbi yenye kizibo, na siku hizi wengi kwetu huiita rekoda. Ni bomba la mti lililochongwa katika vipande vitatu. Lina matundu saba mbele, na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba. Katika kinywa chake hupachikwa kizibo cha mti, ambacho huacha njia nyembamba ya pumzi. Pumzi hupita katika njia ile, hugonga ukingo mkali, na hapo sauti huzaliwa.

Hata mtoto aweza kuitoa sauti siku ya kwanza. Lakini kuipiga vizuri ni kazi ya miaka mingi, kwa sababu moja ambayo twamwomba msomaji aishike, maana tutaihitaji mbele: filimbi hii haikubali kulazimishwa. Mpigaji akipuliza kwa nguvu ili asikiwe zaidi, sauti hupanda na kuacha mahali pake, ikakosana na wenzake. Akipuliza kwa ulegevu, hushuka. Basi hana njia ya kuwashinda watu kwa kelele. Hana budi kunena kwa ulimi wake: kuzikata sauti na kuziunganisha, kukawia kidogo hapa na kuharakisha kidogo pale, na kutia mapambo madogo mahali panapofaa, kama msimulizi mzuri anavyowashika wasikilizaji kwa sauti ya chini.

Katika muda uitwao Baroki, yaani tangu karibu mwaka 1600 hata karibu mwaka 1750, mafundi wakubwa waliiandikia filimbi hii konserto. Konserto ni kazi ya vyombo ambamo chombo kimoja au vichache husemezana na kundi zima: kundi hutoa neno, mmoja hulipokea, huligeuza na kulirudisha. Sisi tuliozoea mwimbishaji na waitikiaji hatupati shida kuielewa desturi hiyo.

Wako watatu tutakaowataja. Wa kwanza ni Antonio Vivaldi, kasisi wa mji wa Venice, aliyeanza mwaka 1703 kufundisha fidla katika Pietà, nyumba iliyowalea watoto walioachwa na wazazi wao. Wasichana wa nyumba ile walipiga vyombo kwa ustadi mwingi, hata wageni walitoka mbali kuwasikiliza. Wa pili ni Georg Philipp Telemann, aliyezaliwa Magdeburg mwaka 1681, na ambaye tangu mwaka 1721 alisimamia muziki wa makanisa makuu ya Hamburg mpaka alipofariki mwaka 1767. Wa tatu ni Johann Sebastian Bach, ambaye jina lake halihitaji maelezo mengi kwa Walutheri.

2. Jinsi filimbi ilivyohukumiwa

Katika nusu ya pili ya karne ya 18 filimbi hii ilianza kuachwa. Muziki ulikuwa unatoka katika vyumba vya wakuu na kuingia katika kumbi kubwa, ambamo watu wengi waliketi kwa kulipa kiingilio. Makundi ya wapigaji yaliongezeka, na wasikilizaji walipenda sauti iwezayo kuvimba na kupungua kama wimbi. Filimbi ya ubavuni iliweza jambo hilo. Filimbi yenye kizibo haikuweza. Ikawekwa kando. Mwishowe ikahesabiwa kuwa chombo kisichokamilika, hatua ya utoto tu katika safari ya kuelekea kitu kilicho bora. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watu walipotaka kuipiga kazi iliyoandikwa kwa filimbi ya mti, kwa kawaida waliishika ile ya ubavuni, hata ilipokuwa imekwisha kuwa ya chuma.

Kisha wakatokea watu waliouliza kama hukumu ile ilikuwa ya haki. Mmojawapo ni Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyekaa Uingereza. Alikuwa na filimbi moja ya kale. Mwaka 1919 ilipotea katika stesheni ya Waterloo, London, naye akaanza kutengeneza nyingine kwa vipimo alivyokuwa amevichukua. Mwaka 1925 alianzisha tamasha katika mji mdogo wa Haslemere, ambapo muziki wa kale ulipigwa kwa vyombo vya namna yake. Baada ya vita kuu ya pili kazi hiyo ilienea. Nikolaus Harnoncourt alianzisha kundi lake huko Vienna mwaka 1953. Frans Brüggen wa Uholanzi, aliyeishi tangu 1934 hata 2014, alizichukua filimbi zenyewe zilizochongwa katika karne ya 18, akazipulizia pumzi mbele ya watu.

Watu hawa hawakutosheka na filimbi peke yake. Fidla zilirudishiwa nyuzi za utumbo wa kondoo na pinde nyepesi. Mahali pa piano pakawekwa hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa. Hata kimo cha sauti kilishushwa, kwa desturi nusu hatua chini ya kimo cha vinanda vya leo. Walipomaliza, jambo likadhihirika. Filimbi haikuwa na kasoro ile iliyosemwa. Udogo wa sauti yake ulikuwa udogo katika ukumbi wa watu elfu. Katika chumba ilichofanyiwa, pamoja na wenzake wa nyumba moja, ilisikika wazi. Ilikuwa imehukumiwa ndani ya nyumba isiyo yake, kwa kipimo kisicho chake, wala haikupewa nafasi ya kunena.

3. Tarumbeta na filimbi mezani pamoja

Tutoe mfano mmoja ambao ndugu zetu wa matarumbeta wataupima wenyewe. Tarehe 24 Machi 1721 Bach, alipokuwa akifanya kazi katika jumba la mtawala wa Köthen, aliandika wakfu wa konserto sita kwa mkuu mmoja wa Brandenburg. Katika konserto ya pili alisimamisha mbele vyombo vinne: tarumbeta, filimbi ya mti, obo, na fidla.

Mtu aliyewahi kusimama karibu na tarumbeta asubuhi ya Pasaka atashangaa. Filimbi itasikikaje hapo? Kwa tarumbeta ya siku hizi, mpigaji hana budi kujizuia kwa shida. La sivyo filimbi hupotea kama mshumaa juani. Je, Bach hakujua kupima sauti?

Alijua sana. Tarumbeta ya siku zake ilikuwa bomba refu, urefu wake karibu mara mbili ya bomba la tarumbeta ya leo, wala haikuwa na vibonyezo. Hivyo vilikuja katika karne ya 19. Mpigaji alizipata sauti zote kwa midomo na pumzi tu. Alipanda juu sana, mahali ambapo sauti za asili za bomba hukaribiana, na huko juu chombo chake kilitoa sauti nyembamba, nyepesi, ya kung'aa bila kukandamiza. Ukiiweka tarumbeta ya namna ile pamoja na fidla za nyuzi za utumbo, na wapigaji wachache, filimbi inarudi mahali pake. Na jambo la kuangalia ni hili: hakuna aliyeipandisha filimbi. Wenzake ndio waliorudi katika kipimo chao, naye akasikika.

Tena, katika sehemu ya katikati ya konserto ile, tarumbeta hunyamaza kabisa. Filimbi, obo na fidla husemezana peke yao, zikichukuliwa na sauti za chini. Sehemu ya tatu ikianza, tarumbeta ndiyo itoayo neno la kwanza. Mwenye nguvu alinyamaza kwa muda, na heshima yake haikupungua.

4. Maneno ya wapingao

Sasa haki yataka tuwasikie na wale wapingao, maana hoja zao si nyepesi.

Kwanza, husema kwamba mabwana wale wenyewe hawakuwa watumwa wa chombo. Hilo ni kweli. Konserto ya nne ya zile sita iliandikwa kwa fidla na filimbi mbili. Karibu mwaka 1738, huko Leipzig, Bach aliishika tena, akaiondoa fidla, akampa mpiga hapsikodi kazi yake, na kimo chake akakishusha. Vivaldi naye alichapishiwa Amsterdam, karibu mwaka 1729, konserto sita za filimbi ya ubavuni, na baadhi yake zilitoka katika kazi alizokwisha kuziandikia filimbi yenye kizibo. Basi, husema wapingao, kama mwenye mali aliibadili, kwa nini mrithi akatazwe?

Pili, husema kwamba filimbi yaweza kunakiliwa, lakini masikio hayanakiliwi. Sisi tumesikia injini za magari na vipaza sauti. Mtu wa mwaka 1721 hakuvisikia. Hata tukimpigia mtu wa leo sauti ile ile, hasikii jambo lile lile.

Tatu, huonyesha kwamba hata hao wajiitao waaminifu wana siri zao. Wengi wa wapigaji wa leo wa tarumbeta ya kale hutoboa matundu madogo katika bomba, ili sauti zisipotee njia. Wapigaji wa siku za Bach hawakuwa nayo. Na kimo kile cha nusu hatua chini ni mapatano ya watu wa siku zetu, maana zamani kila mji ulikuwa na kimo chake, na mara nyingine kinanda cha kanisa hakikupatana na vyombo vingine vya mji ule ule.

Haya yote twayakubali. Wala hatuoni kwamba yanaivunja kazi ya watu wale. Yanatusaidia kuyatenga mambo mawili yaliyochanganyika. Ikiwa uaminifu ni kujifanya wafu, basi hakuna mwaminifu hata mmoja, na matundu yale ya siri ni udanganyifu. Lakini tumtazame Bach alipoibadili konserto yake. Aliijua sauti aliyoiacha, na sauti aliyoichagua. Alikuwa kama mtu auzaye shamba baada ya kuitembea mipaka yake yote. Wale waliomfuata, walioitupa filimbi pasipo kuisikia ikipigwa na mtu aijuaye, walikuwa kama mtu auzaye shamba la baba yake akiwa mjini, kwa neno la mnunuzi tu kwamba nchi ile haizai. Bei yaweza kuwa ile ile, matendo hayafanani.

5. Uaminifu ni nini

Kwa hiyo twasema: uaminifu wa mrithi ni kusikiliza kabla ya kusahihisha.

Mtu aliye hai akishitakiwa aweza kujitetea. Akidharauliwa, aweza kusema, Hukunielewa. Mfu hawezi. Amefungwa mdomo, na kazi yake imeachwa mikononi mwetu kama yatima. Ndiyo maana wajibu wetu kwake ni mzito kuliko wajibu wetu kwa jirani mwenye sauti. Mzee asomaye wosia wa marehemu mbele ya ukoo haongezi neno la kujipendeza, husoma lililoandikwa. Likiisha kusomwa na kueleweka, ukoo waweza kushauriana jinsi ya kulitimiza katika hali mpya. Lakini hawaanzi na shauri kabla ya kusoma.

Walakini kuna hatari upande wa pili, nayo yatupasa kuitaja wazi. Ni kiburi cha ukale. Mtu aweza kununua filimbi iliyonakiliwa kwa vipimo vyote, akakipata na kimo cha sauti, akadhani kwamba sasa ameupata moyo wa muziki. Filimbi ile mikononi mwa mtu mvivu ni kipande cha ukuni kilichotobolewa. Na kinyume chake, matarumbeta ya sharika zetu hupiga tenzi za kale kwa vyombo vyenye vibonyezo ambavyo Bach hakuviona, nasi tumeona watu wakifarijika makaburini kwa sauti ile. Nani atasema kwamba si kweli? Kwa hiyo hatuweki sheria kwamba kila kitu cha kale kirudishiwe chombo chake. Twaweka adabu: anayetaka kubadili aijue kwanza sauti anayoibadili, na akiisha kubadili, asema wazi kwamba amebadili. Mpigaji atobwaye tundu katika tarumbeta yake na kulikiri hamdanganyi mtu. Mwenye kulificha na kujisifu ndiye apotoshaye.

Telemann atupa mfano mzuri wa adabu hii. Aliandika konserto moja ya filimbi mbili: ile yenye kizibo, iliyokuwa inazeeka, na ile ya ubavuni, iliyokuwa inapanda. Aliziweka bega kwa bega, zikapokezana neno kama mzee na kijana wapendanao. Na sehemu ya mwisho ya konserto ile yacheza kwa namna ya ngoma za Poland. Alipokuwa kijana, katika utumishi wa mkuu mmoja, Telemann alizisikia zumari za ngozi na fidla za wanakijiji wa nchi ile. Hakuziona kuwa uchafu usiofaa kukaribia kazi ya mtu wa kanisa. Alisikiliza kwanza.

6. Turudi nyumbani

Sasa na tuulete mfano huu chini ya mlima Meru, maana hapa ndipo unapotuuma.

Wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri mwaka 1896, na wale waliokuja baada yao wakaanzisha kazi ya Nkoaranga mwaka 1902, walitumwa na Misioni ya Leipzig. Leipzig ndio mji ambao Bach aliutumikia tangu mwaka 1723 hata kufa kwake mwaka 1750. Basi tenzi tulizozishika hazikutufikia kama kitu cha kuokotwa njiani. Zilikuja kwa njia iliyolipiwa damu. Sisi ni warithi wa Leipzig. Lakini tulikuwa warithi wa mlima huu kabla ya hapo. Mtu mwenye urithi wa baba na wa mama haruhusiwi kutunza mmoja na kuuacha mwingine uoze ghalani.

Tuulize basi: ngoma, pembe, manyanga na njuga za wazee wetu zilihukumiwaje? Katika sharika nyingi zilikatazwa. Sehemu moja ya hukumu ile ilihusu mambo yaliyotendeka katika michezo ya usiku, na wazee waliokataza walikuwa na sababu zao; hatuwahukumu, maana wao nao sasa ni wafu wasioweza kujitetea. Lakini sehemu nyingine ya hukumu ilikuwa ya sikio tu. Ilisemwa kwamba sauti zile ni mbaya, ni za ovyo, hazipatani na kinanda. Hapo twaiona tena filimbi katika ukumbi mkubwa. Kitu kilichofanywa kwa ajili ya uwanja chini ya miti, na watu waliosimama duara wakiitikia, kiliingizwa katika nyumba ya madawati, kikawekwa kando ya kinanda, kikaambiwa kwamba kimeshindwa.

Tuchukue ilimba ya ndugu zetu Wagogo wa Dodoma, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliisikizisha katika nchi nyingi. Vijino vyake vya chuma hupangwa kwa kufuata ngazi ya sauti za asili, na ngazi hiyo ni ile ile iliyofuatwa na tarumbeta ya kale isiyo na vibonyezo. Kinanda chetu hakifuati ngazi hiyo sawasawa; funguo zake zimepunguzwa hapa na kuongezwa pale kwa mapatano ya mafundi. Basi vikiwekwa pamoja na kuonekana havipatani, ni kipi kilichokosa? Hakuna kilichokosa. Kila kimoja kina kipimo chake. Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya Sauli hakuyatukana. Alisema tu kwamba hakuyazoea, akaiendea teo yake. Lakini kwetu mara nyingi ilimba ndiyo inayopigwa tupa ili ifanane na kinanda. Afanyaye hivyo anaweza kuwa na sababu njema. Twamwomba tu kwanza akae siku moja na mzee aijuaye, asikie ni nini anachokikata.

Hatusemi kwamba hakuna aliyesikiliza. Hapa hapa Makumira, ambapo chuo cha theologia kilihamia mwaka 1954 kutoka Lwandai, Dr. Howard Olson alifundisha miaka mingi, naye pamoja na wanafunzi wake walikusanya nyimbo za makabila mbalimbali na kuzipa maneno ya Kikristo. Kitabu chao Tumshangilie Mungu kinajulikana katika sharika nyingi. Na leo chuo kikuu kilichokua hapo kina masomo ya muziki, ambamo kijana aweza kujifunza ngoma na kinanda pia. Kazi hiyo ni njema. Lakini haiwezi kufanywa na chuo peke yake, maana noti za karatasi hazishiki kila kipindo cha sauti. Kipindo hukaa kooni mwa bibi fulani kijijini, naye akienda, huenda nacho.

Neno hili la bibi latufikisha kwenye jambo la karibu zaidi. Katika makanisa yetu sasa kuna kinanda cha umeme na vipaza sauti virefu kama mlango. Vimenunuliwa kwa sadaka na kwa upendo, navyo vina faida yake. Lakini mara nyingine hufunguliwa hata kuta zikatetemeka. Katika viti vya nyuma wamo akina mama wazee wanaozijua tenzi kwa moyo, mistari yote, tangu walipokuwa wasichana wa kipaimara. Sauti zao ni kama filimbi ile: hazikubali kulazimishwa. Wakijaribu kupaza, hupotoka. Basi hunyamaza, wakabaki kusogeza midomo. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba filimbi na kinubi visipotofautisha sauti zake hakuna atakayejua kinachopigwa. Twaogopa kwamba katika ibada nyingine hatujui tena ni nani anayeimba.

Kwa hiyo twatoa maswali matatu, ambayo wazee, wainjilisti na viongozi wa kwaya wanaweza kuyauliza kabla ya kubadili kitu chochote kilichorithiwa. Kwanza: kitu hiki kilifanywa kwa nyumba gani, na kwa watu wangapi? Pili: je, tumekwisha kukisikia kikinena kwa sauti yake, kikipigwa na mtu akijuaye, au tumekisikia kwa wapingao tu? Tatu: tukikibadili, ni sauti ya nani itakayozimwa, naye ameulizwa? Maswali haya hayamzuii mtu kubadili. Humzuia kubadili akiwa kiziwi.

7. Mpingo

Tumalizie na mti. Filimbi za siku za Bach zilichongwa mara nyingi kwa mti mgumu wa rangi ya manjano uotao Ulaya. Lakini siku hizi mafundi wengi huzichonga pia kwa mpingo, mti wetu, uotao katika nchi yetu ya Tanzania. Obo na klarineti hutengenezwa sana kwa mti huo huo. Basi yawezekana kwamba konserto ya Vivaldi inayopigwa leo katika mji wa mbali inapita ndani ya mti uliosimama Kilwa au Lindi kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Mpingo hukua polepole mno. Hutaka miongo mingi kabla ya kumfaa fundi. Huko Moshi aliishi Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014. Tangu mwaka 1996, akishirikiana na rafiki yake Mmarekani James Harris, aliendesha kazi ya kuotesha miche ya mpingo na kuipanda, na kuwafundisha watoto wa shule kuipanda. Alijua kwamba hataiona ikivunwa, wala hatasikia filimbi hata moja itakayotoka katika miti ile.

Huo ndio upande wa pili wa uaminifu wa mrithi, ambao tusiusahau. Tumesema mengi juu ya wajibu wetu kwa waliotutangulia. Lakini sisi nasi tutakuwa wafu, na watu wengine watazishika kazi zetu wakiulizana wafanye nini nazo. Watatutendea kama tulivyowafundisha kutenda. Tukiwazoeza watoto wetu kuitupa sauti ya bibi bila kuisikia, watajua la kufanya na ya kwetu. Basi Jumapili ijayo, ndugu mpiga tarumbeta, nawe kijana wa kinanda, chagueni ubeti mmoja wa katikati, mnyamaze, mkawasikilize walioketi nyuma. Kisha mrudi kwa nguvu zenu zote.